Wafugaji wa Garissa wasifundishwe tu, nao wasikizwe

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhudhuria semina moja mjini Garissa iliyoandaliwa kwa nia ya kuwafunza wafugaji jinsi ya kuhifadhi mazingira. Wakufunzi waliotoka Nairobi walizungumza tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Walieleza ubaya wa kukata miti, hatari ya kufuga mifugo mingi kupita kiasi, na faida ya kuishi kwa namna ambayo haitawanyima wajukuu riziki. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina alisimama, akashukuru kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, tangu asubuhi mmetufundisha nasi tumenyamaza. Je, zamu yetu ya kufundisha itafika saa ngapi?"

Watu walicheka. Mkufunzi naye alicheka, akatangaza kwamba chakula cha mchana kilikuwa tayari. Zamu ya mzee haikufika siku hiyo, na yamkini haijafika hadi leo.

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kila nisikiapo viongozi wakihimiza kwamba wananchi wa Kaskazini Mashariki "waelimishwe" kuhusu mazingira. Sina ugomvi na elimu. Ninalopinga ni ile dhana kwamba elimu ni maji yanayoteremka kutoka mlimani kwenda bondeni, yakitoka kwa mtaalamu na kumwishia mfugaji, wala hayapandi tena. Historia ya Garissa na jirani zake Wajir na Mandera inaonyesha wazi kwamba kila mwenyeji alipofundishwa bila kusikizwa, mradi uliharibika, na kila aliposhirikishwa katika kuamua, hata mambo yaliyodhaniwa kuwa hayawezekani yaliwezekana.

Kwanza inafaa ieleweke kwa nini watu wa sehemu hizo huipokea miradi kwa shaka. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zilizokuwa na rutuba na mvua, kwa hoja kwamba huko ndiko zingezaa zaidi. Maeneo ya wafugaji yakaachwa yasubiri. Isitoshe, wananchi wa Kaskazini Mashariki waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu enzi za vita vya shifta hadi sheria hizo zilipoondolewa mwaka wa 1991. Kwa muda wa karibu miaka 30, mtumishi wa serikali aliyefika kijijini alikuja kuamrisha, nadra kuuliza. Mtu aliyelelewa katika hali kama hiyo hawezi kulaumiwa akiyatazama magari ya wafadhili kwa jicho la pembeni.

Hata pale maendeleo yalipopelekwa, yalipelekwa kwa namna ile ile. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa mikopo ya nje, ilizigawa nyanda za Kaskazini Mashariki katika vitalu vya malisho, ikachimba silanga na visima vya injini. Nia ilikuwa njema. Lakini wafugaji walikuwa na utaratibu wao wa tangu jadi: wakati wa mvua za Gu na Deyr, mifugo hupelekwa mbali kwenye madimbwi ya mvua, na wakati wa kiangazi cha Jilaal hurudishwa karibu na Mto Tana na visima vya kudumu. Kwa hivyo kila malisho yalikuwa na miezi ya kuliwa na miezi ya kupumzika. Kukosekana kwa maji ndiko kulikokuwa kufuli ya malisho ya mvua. Kisima cha kudumu kilipochimbwa katikati ya malisho hayo, kufuli ikavunjwa. Watu na mifugo wakakaa hapo mwaka mzima, vijiji vikaota, na nyasi hazikupata tena nafasi ya kuchipua. Baadaye wataalamu wale wale wakarudi kumfundisha mfugaji ubaya wa kulisha mahali pamoja! Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Mfano wa pili unajulikana na kila mtu aliyewahi kupita barabara ya Garissa au Dadaab. Nauzungumzia mmea wa mathenge. Mti huu wa kutoka Amerika ulipandwa katika sehemu kame za nchi hii katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia upepo, kuishika ardhi na kuwapa watu kuni. Uliota, tena uliota mno. Ulifunga njia za mifugo, ukaziba kingo za mito na silanga, na miiba yake ikawatoboa watu na wanyama miguu. Huko Baringo wakazi walifika hadi mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Magazeti yalilifanya jambo hilo kuwa kichekesho, lakini kwa mwenye mbuzi hapakuwa na la kuchekesha. Laiti wafugaji wangaliulizwa mapema ni mti gani wa kienyeji waliotaka uongezwe, wangaliwataja wengi ambao kivuli, majani na maganda yake wanayajua tangu utotoni.

Sasa nije kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinabeba somo lote. Katika sehemu za Ijara, kusini mwa Garissa, anaishi mnyama aitwaye hirola, ambaye Wasomali humwita arawla. Ni wa ukoo mmoja na kongoni, mwenye alama nyeupe kati ya macho mithili ya miwani. Hana jamaa wa karibu aliyebaki duniani. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu, na mwaka wa 1974 serikali ilitenga Hifadhi ya Arawale, yenye kilomita 533 za mraba, kwa ajili yao. Kisha katika miaka ya 1980 ugonjwa wa sotoka, ukame na majangili wakawafyeka. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500.

Mwaka wa 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliamua kuwanusuru kwa kuwahamishia Tsavo, ambako wengine walikuwa wamekwisha kupelekwa mwaka wa 1963. Kitaalamu, hoja ilikuwa na nguvu. Lakini wananchi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu wakapinga. Walisema mnyama huyo ni sehemu ya urithi wa ardhi yao na kwamba hakuna aliyewaomba ridhaa. Baadhi ya hirola walikuwa wamekwisha kuondolewa, lakini mahakama iliwaunga mkono wananchi, ikaona kwamba shirika halikuwa na mamlaka ya kuwaondoa wanyama katika makao yao bila idhini ya watu wenye haki juu ya matunda ya ardhi hiyo.

Wakati huo kulikuwa na waliosema kwamba wafugaji wale hawakuelewa uhifadhi, na kwamba walikuwa wakiponza mnyama wa dunia nzima kwa ukaidi wao. Lakini tuyatazame yaliyofuata. Mnamo 2007 jamii za Ijara zilianzisha hifadhi yao wenyewe iitwayo Ishaqbini, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Walinzi wake ni vijana wa pale pale, na ardhi waliitoa wenyewe kutoka malisho yao. Mwaka wa 2012, kwa ushirikiano na KWS na Northern Rangelands Trust, likajengwa zizi kubwa lenye ua wa kuzuia simba, fisi na mbwa mwitu, lenye ukubwa wa kilomita 27 hivi za mraba. Hirola 48 wakaingizwa humo, na baada ya miaka michache walikuwa wamezidi 100.

Msomaji na apime mwenyewe. Watu walioitwa wapinzani wa uhifadhi mwaka wa 1996 ndio walioukubali ua, walinzi na vikwazo vya malisho miaka 16 baadaye. Je, waliingia darasani katikati? Hasha. Kilichobadilika ni mahali pa uamuzi. Mara ya kwanza barua iliandikwa Nairobi, na mara ya pili vikao vilikaliwa na wazee wa Ijara chini ya mti. Mnyama ni yule yule na watu ni wale wale.

Jambo hilo hilo linadhihirika katika utafiti uliofanywa baadaye. Mwanasayansi Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa ambaye mwaka wa 2020 alitunukiwa Tuzo ya Whitley kwa kazi yake ya kumwokoa hirola, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kati ya 1985 na 2012 miti na vichaka katika makao ya mnyama huyo viliongezeka zaidi ya maradufu, na nyasi zikapungua. Tembo waliokuwa wakivunja miti wameuawa, na malisho yamelemewa. Lakini hawakuishia kupiga picha kutoka angani. Waliwauliza wafugaji ni hatua gani wangeziunga mkono. Jibu lilikuwa la watu wanaojua wanachokisema: walikubali kwa moyo kupanda nyasi na kuwalinda tembo, wakakubali kwa kiasi kung'oa vichaka, na wakasita sana kuhusu kupunguza mifugo. Kumbe yule anayeshutumiwa kuwa adui wa mazingira anaafiki mengi ya yanayotakiwa, ila hataki kuanza na lile litakalomfilisi. Mpango wenye busara huanzia pale palipo na makubaliano.

Nimeitaja sotoka, nami sitaki kuipita hivi hivi. Ugonjwa huo ulioangamiza ng'ombe wa Afrika tangu mwisho wa karne ya 19 ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 2011. Maficho yake ya mwisho yalikuwa katika eneo la Wasomali, pande zote za mpaka, na mara ya mwisho virusi vyake kuonekana ilikuwa mwaka wa 2001 katika nyati wa Meru. Wataalamu waliofanya kazi hiyo walitambua kwamba maabara peke yake hazitoshi mahali ambapo aina dhaifu ya ugonjwa ilikuwa ikijificha. Waliketi na wafugaji, wakasikiliza jinsi wanavyozitofautisha dalili, lini ugonjwa ulipita na ulitokea upande gani. Aidha, katika sehemu nyingi za wafugaji waliwafunza wenyeji kuchanja mifugo. Hapo ndipo zamu ya mzee wa Garissa ilipofika kweli, na ulimwengu mzima ukanufaika. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kutokomezwa kabisa, baada ya ndui.

Sitaki msomaji adhani kwamba naimba sifa za mambo ya kale. Utaratibu wa jadi una mipaka yake. Hesabu ya watu ya 2019 iliwapata watu 841,353 katika kaunti ya Garissa, na karibu milioni 2.5 katika kaunti tatu za Kaskazini Mashariki. Malisho hayakuongezeka. Kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, zimekuwa na mamia ya maelfu ya watu wanaohitaji kuni za kupikia kila siku, na mzigo wa kuni hizo umeiangukia misitu ya wenyeji waliowapokea. Tena wako wenyeji wanaochoma makaa usiku na kuyapakia malori alfajiri, nao hawahitaji kufundishwa kwamba ni kosa, wanajua. Hali ya hewa nayo imekuwa ya kigeugeu. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, mifugo ikafa kwa mamilioni katika sehemu kame za Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ukafurika, nyumba zikazama na barabara ya kwenda Nairobi ikakatika karibu na Mororo. Mzee aliyezoea kusoma nyota na upepo hukiri mwenyewe kwamba dalili zake zimeanza kumdanganya. Hapa elimu ya mtaalamu inahitajika sana.

Aidha, "jamii" si neno la kutumiwa kiholela. Wazee wakikutana chini ya mti, mara nyingi akina mama hawapo, ilhali wao ndio wachotao maji, wachanjao kuni na wajengao nyumba kila kambi inapohama. Ikumbukwe kwamba huko Wajir, mapigano ya koo yalipopamba moto katika miaka ya mwanzo ya 1990, ni wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walioanza juhudi za amani zilizokuja kuigwa nchini kote. Basi kikao kinachowaacha wanawake na vijana nje hakiwezi kujidai kwamba kimeishirikisha jamii.

Kadhalika, neno "jamii" laweza kuwa koti la kuvalia mbele ya wafadhili. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo, zilizokuwa chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust, ziliundwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Ni shirika lile lile lililosaidia Ishaqbini. Funzo ni kwamba jina la mshirika halitoshi kuuhakikishia mradi uhalali wake. Kila mahali ridhaa lazima itafutwe upya, na hata Ishaqbini yenyewe hapana budi iendelee kuistahili imani ya watu wake.

Ni nini basi kifanywe? Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 itekelezwe kwa dhati. Sheria hiyo huipa jamii iliyosajiliwa uwezo wa kumiliki ardhi yake, na yataka mkataba wowote wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Lakini usajili umekwenda kwa mwendo wa kinyonga, na ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Haifai kumfundisha mtu kuitunza nyumba ambayo hati yake imo mfukoni mwa mwingine.

Pili, elimu itolewe kwa lugha na mahali wanapopatikana watu. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, na mashambulio mengine dhidi ya walimu, walimu wengi kutoka nje walihama na madarasa mengi yakabaki matupu. Duksi, lakini, hazikuhama. Maalimu hufuatana na kambi popote iendapo, na watoto huandika juu ya mbao zao chini ya mti. Maalimu huyo, redio za Kisomali, na shule za kuhamahama ni njia bora kuliko hoteli ya semina. Na mafunzo ya Uislamu kuhusu kutofanya israfu ya maji, hata mtu akitawadha mtoni, yanaingia moyoni upesi kuliko maandishi ya ubaoni.

Tatu, fedha zifuate uamuzi wa wananchi. Wajir ilipitisha mwaka wa 2016 sheria ya hazina ya mabadiliko ya tabianchi ambamo kamati za wadi, zilizochaguliwa na wenyeji, hupendekeza miradi ya kugharimiwa. Kamati ikiambiwa kwamba fedha zipo na uamuzi ni wake, huacha kuomba kisima kila kijiji na kuanza kuuliza kisima kipi kitaharibu malisho yapi. Uwezo wa kuamua humfunza mtu uangalifu, kwa kuwa akikosea, hasara ni yake. Hiyo ndiyo elimu ya jamii nisiyoiona katika semina.

Nne, kila mtaalamu anayetumwa Kaskazini Mashariki apewe kazi ya kujifunza kabla ya kupewa kazi ya kufundisha. Akae na wafugaji walau msimu mmoja wa Gu na mmoja wa Jilaal. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua watakaosema kwamba mambo haya huchukua muda, na kwamba hirola, nyasi na mto havina muda wa kungoja. Nawajibu kwamba kutoka 1996 hadi 2012 ni miaka 16, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipotea kwa sababu hatua ya kwanza ilichukuliwa bila kuuliza. Haraka ndiyo iliyochelewesha.

Yule mzee wa semina sijui alikuwa na jambo gani la kutufundisha siku ile. Huenda lilikuwa dogo, na huenda lilikuwa ndilo tulilolifuata kwa safari nzima ya kutoka Nairobi. Hatukulisikia kwa sababu pilau ilikuwa ikipoa. Nawasihi watakaoandaa semina ijayo Garissa, Wajir au Mandera, waandike katika ratiba yao, kabla ya chakula cha mchana na si baada yake, kwamba zamu ya wenyeji imefika.